Njia Nyeupe, Leta

Jumatatu, 4 Machi

Mvua imeanza. Ilianza kwa kejeli, matone mawili matatu juu ya bati la karakana, halafu ikashuka yote kwa pamoja. Sijamaliza chai, simu ya ofisi ikalia. Bi Mpole, mlinzi wa geti la chini, anasema redio inakatakata. Bi Mpole ni jina la utani. Mwenyewe akisema, walio ng'ambo ya korongo humsikia bila redio.

Mwaka jana mvua zilipokwisha nilijiuliza nimefanya nini msimu mzima, nikakumbuka matope tu. Mwaka huu naandika.

Basi niseme kazi yangu. Mimi ni fundi wa mawasiliano wa idara ya barabara, na kinachoninyima usingizi kinaitwa Ubavu. Ni kipande cha barabara kilichochongwa ubavuni mwa mlima, upana wa gari moja: huku mwamba, huku korongo. Ukishaingia hugeuzi. Kuna geti chini na geti juu, na hakuna geti linaloachia gari mpaka la pili liseme, "Njia nyeupe, leta." Simu ya waya iko geti la chini tu, za mkononi hazishiki kule, na mlima wenyewe umesimama katikati ya mageti, kwa hiyo sauti yetu inauzunguka kwa juu. Inakatwa vipande vidogo, na visanduku vitano vilivyofungwa juu ya nguzo vinapokezana hivyo vipande, kama watu wanaopokezana ndoo za maji nyumba ikiungua. Cha tatu tumekiita Kiziwi. Kimezungukwa na miti inayokua haraka kuliko panga letu, na majani yakilowa hakisikii lolote.

6 Machi

Mvua. Kiziwi hasikii.

7 Machi

Kima amepanda nguzo ya Kiziwi kukata matawi, akarudi na matope mpaka masikioni. Kima ni mwenzangu karakanani, baba mzima mwenye kitambi, lakini akiona nguzo hajiulizi mara mbili. Sauti ilipona mpaka mchana, kisha ikafa tena.

Jumatatu, 11 Machi

Leo nimeshinda geti la juu nikisikiliza. Mlinzi wa huko ni Mzee Salamu, na ukikaa naye kidogo tu hutauliza jina limetoka wapi. Lori limefika chini, linataka kupanda. Bi Mpole hasemi "nina gari". Anasema:

"Shikamoo mzee wangu."

"Marahaba binti yangu. Umeamkaje?"

"Salama, sijui wewe."

"Mimi mzima, ni huu mgongo tu."

"Pole na mgongo."

"Nishapoa. Enhe, una gari?"

Hayo ni kwa kila gari, kutwa nzima. Mgongo wa Mzee Salamu umepewa pole leo mara nyingi kuliko wagonjwa wote wa hospitali. Na nusu ya maneno yanakatika njiani, kwa hiyo shikamoo inarudiwa mara mbili mara tatu mpaka marahaba irudi. Wawili hawa wamelindana miaka mingi, na kwa kuwa kila mmoja yuko mwisho wake wa Ubavu, wameonana uso kwa uso mara chache sana.

Jioni mume wangu naye akanikalia kooni. Yeye ni dereva wa lori. Hupeleka saruji na unga mji wa juu, hurudi na viazi. Akasema foleni ya getini imefika kwenye daraja. "Mama Pacha, nyinyi mnaendesha geti au mnaendesha arusi?"

Nilicheka, lakini lilinichoma.

Alhamisi, 14 Machi

Nimepata dawa. Tatizo la visanduku vyetu ni kukata tamaa mapema. Kisanduku kinatuma kipande, mwenzake asipojibu kinajaribu mara moja zaidi, halafu kinakiacha. Leo nimeviagiza vyote visichoke. Kipande kisipopokelewa kishikiliwe, kirudiwe, kirudiwe tena, mpaka kipokelewe. Hakuna neno litakalopotea Ubavu tena.

15 Machi

Mvua kubwa, sauti safi. Bi Mpole amepiga simu ofisini kunishukuru, jambo ambalo Kima anasema litaandikwa kwenye historia. Msimamizi wetu, mtu ambaye husifu kama anayetoa jino, amesema, "Umefanya vizuri. Kawia ufike." Maana nilimweleza kwamba maneno sasa yanachelewa kidogo, ila yanafika yote.

Nimetembea nyumbani nikijiona.

Jumanne, 19 Machi

Kima ananitania: mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Sikumsikiliza. Nimeandika agizo, msimamizi akatia sahihi: kuanzia sasa walinzi wasisalimiane kwenye redio. Maneno ni matatu tu. "Njia?" "Njia nyeupe, leta." "Subiri." Hewa ni ya kazi.

Bi Mpole amenuna. Mzee Salamu hakununa; aliuliza tu, kwa upole, kama kumsalimu mtu kumekuwa kosa. Nilimjibu kwamba foleni imefika kwenye daraja.

Foleni imepungua kweli. Baba Pacha amefurahi.

Ijumaa, 22 Machi

Naandika leo leo, nisije nikajipamba kesho.

Nilikuwa geti la chini na Kima, tunabadilisha waya wa spika. Mvua ilikuwa haionyeshi hata ncha ya barabara. Lori la mbao lilikuwa limesimama getini. Bi Mpole akauliza, "Njia?" Kimya. Akauliza tena. Kimya. Akangoja, akatazama foleni iliyokuwa nyuma ya lori, mwisho akachoka akasema, "Basi nasubiri. Wewe leta la kwako." Tukaendelea na waya wetu. Ukafika muda ambao mtu angeweza kupika chai na kuinywa. Ndipo spika ikasema, safi kama mtu aliyeketi mezani, "Njia nyeupe, leta."

Nikamwambia Bi Mpole, "Unasikia ilivyo safi?" Maneno yangu hayo. Sitayasahau.

Akainua geti, lori likapanda.

Honi ndizo zilizotuambia. Moja ya lori, ndefu, halafu nyingine nyembamba ambayo si ya lori. Tulikimbia, mimi na Kima, tukiteleza, na kila kona niliiogopa kabla ya kuifikia. Tuliwakuta kwenye kona ya pili. Basi dogo lililojaa abiria lilikuwa limetazamana na lori, na kati yao ungeweza kupitisha mbuzi, tena mbuzi mwembamba. Madereva wote wawili walikuwa wamewahi kukanyaga breki kwa sababu walikuwa wanakwenda mwendo wa kobe. Ni hilo tu. Hakukuwa na jambo lingine lililowaokoa.

Abiria walishuka upande wa mwamba, mmoja mmoja, wakapanda kwa miguu mpaka geti la juu. Bibi mmoja alinipita ameshika viatu mkononi, akaniambia pole mwanangu, kana kwamba ni mimi niliyetaka kufa. Kima akasimama nyuma ya basi, akaliongoza kinyumenyume, kidogo kidogo, mpaka likatoka. Hakuna aliyeumia. Nilikaa juu ya jiwe nikatapika.

Jumamosi, 23 Machi

Msimamizi anataka kuifunga barabara mpaka kiangazi. Simlaumu. Lakini Ubavu ukifungwa, mji wa juu unakatika: hakuna unga, hakuna dawa, na mgonjwa anabebwa kwa machela njia ya msituni. Nimemwomba. Amekubali gari za mchana tu, moja moja, na sharti moja: "Ikitokea tena, hata kwa bahati mbaya, nafunga. Na usije kunililia."

Walinzi wanalaumiana. Bi Mpole anaapa kwamba mzee alimwambia alete. Mzee Salamu anaapa kwamba aliyemwambia alete ni Bi Mpole. Kila mmoja anaona mwenzake ni mwongo, baada ya miaka yote ile. Sasa wanasema yale maneno matatu tu, na wanayasema kama watu wanaotema mbegu.

Mimi nami nilikuwa nimeshaamua moyoni kwamba mzee amezeeka.

24 Machi

Mvua. Sikula.

Jumatano, 27 Machi

Siku tatu nimesoma kumbukumbu za visanduku, kipande kwa kipande. Hakuna aliyesema uongo.

Bi Mpole alipouliza "Njia?", Mzee Salamu alijibu mara hiyo hiyo, "Njia nyeupe, leta." Jibu likashuka mpaka kwa Kiziwi, na Kiziwi kwa upande wa kushuka alikuwa amezibwa na mvua. Kisanduku kilicho juu yake hakichoki, kwa sababu nilikiagiza kisichoke. Kikalishika lile neno, kikalirudia na kulirudia. Wakati huo huo "wewe leta la kwako" ya Bi Mpole ikapanda bila shida. Mzee akaachia basi. Ndipo mvua ikapungua kidogo, Kiziwi akazibuka, na lile neno la zamani, lililokuwa kweli lilipozaliwa na uongo lilipofika, likateremka mpaka kwenye spika. Safi.

Zamani lingekufa njiani. Mimi ndiye niliyelihifadhi.

Barua ikichelewa bado ni barua. Neno la getini likichelewa ni mtego. Kwenye Ubavu, kukawia ni kubaya kuliko kutofika.

Alhamisi, 28 Machi

Nimekwenda geti la chini, kisha nimepanda kwa miguu mpaka la juu, nikamweleza kila mmoja: si wewe, si mwenzako, ni mimi. Bi Mpole alinitazama sana. Nilijiandaa kupokea radi, haikuja. Aliniuliza kama nimekula.

Nikamuuliza jambo lililokuwa linanitatiza. Mvua zimekuwepo miaka yote, na Kiziwi ni kiziwi tangu azaliwe. Mbona magari hayajawahi kukutana?

Akafikiri. "Sijui, mwanangu. Mimi nilikuwa namsalimu tu. Asiponiitikia, namngoja mpaka aitikie. Utamwambiaje mtu mambo ya gari wakati hata salamu hajapokea?"

Mzee Salamu naye hakujua zaidi ya hapo. Kwake salamu ni salamu. Lakini mimi nilikaa kwenye kibanda chake nikaona aibu mpaka kwenye vidole vya miguu. Shikamoo ilikuwa inapanda, marahaba inashuka, na kama marahaba haikurudi kwa wakati wake, hakuna gari lililosogea. Walikuwa wanaipima njia kabla ya kuipitisha kauli yoyote, kwa kila gari, bila ya yeyote kuwatuma na bila wao wenyewe kujua. Na mimi nikaja nikaipiga marufuku kwa sahihi na mhuri.

Agizo nimelifuta leo leo, na visanduku nimevirudisha kwenye tabia yao ya zamani. Kupitia redio nikasikia, baada ya kimya kirefu, "Shikamoo mzee wangu." Naye mzee akajibu kwa sauti iliyokwama, na safari hii haikukwamia kwa Kiziwi.

Jumanne, 2 Aprili

Nimepeleka mpango wangu kwa msimamizi. Kwanza, kila neno liondoke na saa yake ya kuzaliwa. Kisanduku kikiona neno limezeeka, hata kwa muda wa kuvuta pumzi mbili, kilitupe. Pili, visanduku visalimiane vyenyewe wakati wote, mzima? mzima, na getini kuwe na taa: kijani salamu zikirudi kwa wakati, nyekundu zisiporudi. Taa ikiwa nyekundu hakuna gari. Tatu, tuongeze njia ya pili ya kumkwepa Kiziwi, kupitia tangi la maji lililo upande wa pili wa korongo, na kila neno lipite njia zote mbili. La kwanza kufika ndilo litakalosikika.

Alinisikiliza mpaka mwisho. "Kwa hiyo mwezi uliopita ulinitengenezea mtambo usiopoteza neno, na mwezi huu unataka mtambo wa kutupa maneno."

"Ndiyo, bosi."

"Na njia mbili. Unajua njia mbili zilimfanya nini fisi."

Nikamwambia fisi alikuwa mmoja, na neno letu tunalifanya mawili. Akacheka bila kutaka. Amekubali.

5 Aprili

Kima amefunga kisanduku juu ya tangi. Kulikuwa na nyuki. Sitaandika alichosema.

Jumanne, 9 Aprili

Jaribio la kwanza. Njia zote mbili zimekufa kwa pamoja, mara moja, kama zilizoambizana. Baada ya kuhangaika kutwa, Kima ndiye aliyeona, au tuseme sote wawili tuliona tukatazamana: nyaya zote mbili pale geti la juu zimechomekwa kwenye betri moja. Njia mbili zinazokula sahani moja si njia mbili. Nani alizichomeka? Kima anasema mimi. Mimi nasema Kima. Tumekubaliana kwamba ni mvua.

10 Aprili

Betri ya pili. Mvua. Taa ya kijani.

Jumatatu, 15 Aprili

Walinzi wameanza kuizoea taa. Ikiwa nyekundu Bi Mpole anaitukana, lakini geti haliinui. Madereva wanamtukana yeye. Sasa foleni inarudi tena kwenye daraja siku za mvua kubwa, na Baba Pacha ameanza wimbo wake. Anasema afadhali redio ya zamani, ilikuwa angalau inasema. Nilimweleza habari ya maneno yaliyozeeka. Aliitikia kwa kichwa huku anatafuta soksi.

Nilikasirika. Kisha nikakumbuka kwamba mimi mwenyewe ilibidi nitapike ndipo nielewe.

18 Aprili

Nilidhani Mzee Salamu, kwa kuwa visanduku sasa vinasalimiana vyenyewe, angeacha. Nimemwambia taa inatosha. Amesema taa haiulizi mgongo.

30 Aprili

Mwezi mzima gari hazijakutana, hata mara moja. Msimamizi ameongeza saa za jioni. Alibandika tangazo tu. Nililisoma mara tatu.

3 Mei

Mvua. Kijani.

Alhamisi, 9 Mei

Hii ndiyo mvua iliyokuwa inatishia msimu mzima. Nilikuwa karakanani mbele ya kioo cha kompyuta, ambako naona visanduku vyote kama vidoti. Saa tisa alasiri Kiziwi akazibwa, jambo la kawaida. Halafu upepo ukalipiga tangi nalo likaanza kupepesuka, linasikia halisikii. Taa za mageti yote mawili zikawa nyekundu. Nikabaki nimeshika meza. Hakuna fundi anayependa kuona kazi yake inazima, na nilimsikia msimamizi mlangoni akivuta pumzi.

"Imekufa?" akauliza.

"Imenyamaza," nikamjibu. Sikuwa na uhakika kama kuna tofauti.

Tukavikodolea vidoti macho. Kisha tangi likasimama imara, taa ikarudi kijani, na neno la kwanza kupita lilikuwa la Mzee Salamu, bila salamu, mara ya kwanza nimsikie hivyo: "Usilete. Binti, usilete gari! Mlima umeshuka."

Kona ya pili yote ilikuwa imefunikwa. Mawe, miti, tope. Hakukuwa na mtu ndani yake. Bi Mpole akaitika, akasema geti limefungwa na hakuna aliyeingia. Msimamizi akakaa kwenye kiti changu bila kuomba.

Baadaye, alipokwenda kuita tingatinga, nilifungua kumbukumbu. Muda mfupi kabla ya mlima kushuka, Bi Mpole alikuwa ameuliza njia, na Mzee Salamu alikuwa amejibu, kwa haki kabisa, "Njia nyeupe, leta." Neno liliondoka mara mbili. Moja lilifia kwa Kiziwi. La pili lilifika kwenye tangi, likangoja, likazeeka, likatupwa. Kwa agizo langu la Machi lingeshikiliwa. Tangi lilipopona lingeteremka safi, likitangulia lile la "usilete", na geti lingeinuka. Niliisoma mistari hiyo nikainama mezani. Kima akaniletea maji.

Nikarudi nyumbani. Baba Pacha alinikuta jikoni, matope mpaka magotini, wakati nilidhani siku hiyo atalala mji wa juu. Nikampakulia. Pacha walikuwa wanagombania kigoda. Akala kidogo, akatikisa kichwa.

"Leo nimepona, mke wangu. Nilikuwa wa kwanza kwenye foleni. Yule mama amenizuia hapo, napiga honi mpaka mkono unauma, taa nyekundu, redio bubu. Nimemtolea maneno mabaya. Mara tunasikia mlima unaunguruma." Akachota kijiko kingine. "Bahati yangu redio yenu ilikuwa mbovu."

Niliweka chini mwiko. Sikuwa nimejua lori lililokuwa getini ni la nani. Kumbukumbu haziandiki majina.

"Haikuwa mbovu," nikamwambia.

"Mbona haikusema?"

"Ilikuwa na la kusema. Mzee alishakwambia uje. Neno likachelewa, likatupwa njiani."

"Likatupwa na nani?"

"Na mimi."

Alinitazama kwa muda, kijiko kikiwa hewani. Wale watoto nao wakaacha kugombana, sijui walisikia nini kwenye sauti yangu. Nikaanza kulia, mbele yao, na sikujificha. Akainuka na matope yake yote, akanishika.

"Kumbe ile ndiyo kazi uliyokuwa unanieleza," akasema.

"Ndiyo hiyo."

Akarudi kukaa. Akaniambia tingatinga likishafungua njia atapita geti la chini kumwomba Bi Mpole radhi, nikamwambia aanze na shikamoo. Nikamwongeza mchuzi. Kisha nikakaa mbele yake nikimtazama anavyokula, mpaka akauliza nina nini.